Kazi za oda, mfumo wako mwenyewe au soko la nje: mtengeneza programu wa Mtwara na Lindi aanzie wapi?

Kompyuta unayo, kutengeneza mfumo unajua, na umeamua kubaki Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea badala ya kupanda basi la Dar. Unataka biashara yako ya programu, ndogo, isiyo na bosi wala mwekezaji. Hapo ndipo wengi hukwama, maana njia ziko tatu na kila moja ina watu wanaoisifia.

Ya kwanza ni kazi za oda. Mtu anakuja na shida yake, mnapatana bei, unamtengenezea, anakulipa. Shule binafsi inataka mfumo wa ada, nyumba ya wageni inataka tovuti, mwenye malori anataka kujua gari lipi liko wapi na limebeba nini.

Ya pili ni mfumo wako mmoja unaouuza kwa wateja wengi hapa hapa kusini, nao wanalipia kila mwezi au kila mwaka. Mfano wake wa kawaida ni mfumo wa stoo na mauzo kwa maduka ya jumla, maduka ya pembejeo au maduka ya dawa.

Ya tatu ni programu ndogo inayouzwa kupitia intaneti kwa watu wa nchi nyingine, ambao hawajui na hawana haja ya kujua Mikindani iko wapi.

Nitazipima zote tatu kwa mambo yale yale: pesa ya kwanza inaingia lini, mtaji, namna ya kupokea malipo, kazi inayobaki baada ya kuuza, mambo yanayoweza kuivuruga biashara, na dalili za mwanzo kwamba inakwenda. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza na la mwisho. Ushauri mwingi kuhusu biashara hii umeandikwa na watu ambao wateja wao hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Huku kwetu pesa ina msimu, na njia utakayoichagua lazima iendane na msimu huo.

Pesa ya kwanza inaingia lini

Kazi za oda ndizo zinazolipa mapema kuliko zote. Mkishakubaliana, mteja makini hutoa kianzio cha theluthi au nusu ya bei kabla hujaanza, na ukidai hivyo hukosei. Ndani ya wiki chache za kwanza unaweza kuwa umelipia kodi ya chumba kwa ujuzi wako. Shida yake ni pengo kati ya kazi na kazi. Unapomaliza mfumo wa shule, mteja anayefuata bado hujamtafuta, kwa sababu muda wote ulikuwa umeinamia kompyuta.

Mfumo wako mwenyewe huchelewa zaidi, na kuchelewa kwake kunategemea kalenda ya zao. Tazama pesa inavyozunguka huku. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, zinakusanywa ghalani, kisha chama kikuu kinazipeleka mnadani: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa upande wa pwani. Minada huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba, pengine hata Januari, na malipo hupitia benki. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani umekuwepo kwenye korosho tangu msimu wa 2007/08. Lindi wana ufuta pia, ambao huleta pesa katikati ya mwaka.

Sasa ingia kwenye duka la jumla la Tandahimba mwezi Novemba. Mabati yanapakiwa, magodoro yanashushwa, mwenye duka hana nafasi hata ya kukusalimia vizuri. Rudi duka lile lile mwezi Aprili. Juu ya meza kuna daftari kubwa la kaunta, kurasa zimejaa majina, kilo za sukari na sabuni, na pembeni ya kila jina tarehe ya kulipa ni neno moja tu: "msimu". Ukimwambia mwenye duka huyo alipie mfumo wako shilingi 20,000 kila mwezi, atakusikiliza kwa heshima kisha atakujibu kama anavyowajibu wenye mzigo wao kutoka Dar: "Mwanangu, sasa hivi hata mimi nadaiwa. Njoo mnada ukianza."

Jibu hilo lichukue kama tarehe ya kurudi. Chukua mfano wa hesabu: 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka, lakini miezi mitano au sita ya hapo katikati utaipata kwa kusumbuana, na mingine hutaipata kabisa. Bei ya 180,000 inayolipwa mara moja mwezi Novemba ni ndogo kwenye karatasi, ila inalipika, na inakuondolea kazi ya kudai. Kwa hiyo ratiba yake ni hii: Julai hadi Septemba unapita madukani kuonyesha na kuwaachia wajaribu, Oktoba wanauzoea, Novemba na Desemba unakusanya. Ukiuanza mzunguko huu mwezi Februari, jiandae kukaa karibu mwaka mzima bila mapato ya maana. Na pesa ya Novemba utalazimika kuigawa mwenyewe hadi msimu mwingine, kama mkulima anavyofanya. Wateja wa aina nyingine, kama maduka ya dawa na shule binafsi, hawafungwi na korosho moja kwa moja, lakini hata ada za shule mwezi Januari hutokana kwa sehemu kubwa na pesa ile ile.

Soko la nje halina msimu wa korosho wala ufuta. Mtu wa Kanada au Ujerumani analipa mwezi wowote. Lakini mauzo ya kwanza ndiyo magumu kuyatabiri kuliko yote. Unaweza kukaa miezi bila mtu hata mmoja kulipa, kwa sababu hakuna anayekufahamu na huwezi kumfuata dukani kwake. Anayeingia njia hii anahitaji chanzo kingine cha chakula cha kila siku.

Mtaji

Hapa hakuna mengi. Kazi za oda zinataka kompyuta, bando na nauli ya kwenda kuonana na mteja. Mfumo wako unaongeza gharama ya kukodi seva na safari nyingi zaidi, na safari hizi usizipuuze: Mtwara mjini hadi Masasi ni kama kilomita 200, na huwezi kumsaidia mwenye duka kwa simu tu katika wiki zake za kwanza. Soko la nje ni rahisi kwa nauli, ila lina ada zake za dola. Google hutoza dola 25 mara moja kumfungulia mtengeneza programu akaunti ya Play, Apple hutoza dola 99 kila mwaka, na duka lolote kati ya hayo mawili huchukua sehemu ya mauzo yako.

Wanaofanya kazi kwa kikundi waulizie mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani. Asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 kisha ikarudishwa mwaka 2024.

Kupokea malipo

Kwa mteja wa hapa, iwe kazi ya oda au mfumo wako, malipo ni mepesi. M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa: chukua lipa namba ya biashara uitenganishe na laini yako ya nyumbani, ili mwisho wa mwaka ujue biashara imeingiza kiasi gani. Kwenye kazi za oda za kampuni na taasisi utakutana na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma. Kazi ya 2,000,000 utapokea 1,900,000. Ile 100,000 haijapotea, ni kodi yako iliyotangulizwa TRA, ila lazima udai cheti chake kwa aliyekukata. Usajili wa VAT huanza kuwa lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo huko mwanzoni hauna haja ya kukunyima usingizi.

Nje ndiko kwenye ugumu, na ni vizuri uujue kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu. Akaunti ya PayPal ya Tanzania hulipa, haipokei. Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, haijafungua huduma yake kwa biashara zilizosajiliwa Tanzania. Njia iliyobaki ni kuuza kupitia kampuni inayosimama kama muuzaji kwa niaba yako, mfano Paddle, ambayo humtoza mteja, hushughulikia kodi za nchi yake, hukata sehemu yake, kisha hukutumia kilichobaki. Au kuuza kwenye maduka ya programu yenye utaratibu wao wa kulipa. Fungua akaunti, kamilisha uhakiki, hakikisha pesa inaweza kufika kwenye benki yako ya Mtwara. Hayo yakikamilika ndipo uanze kutengeneza.

Kazi inayobaki baada ya kuuza

Kwenye oda, kazi inaisha siku ya makabidhiano, lakini kwa karatasi tu. Mteja ataendelea kupiga simu: ongeza hiki, badilisha kile, printa haitoi risiti. Weka kwenye mkataba muda wa matengenezo ya bure na bei ya baada ya hapo. Andika pia nani anamiliki programu yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na sentensi moja ya mkataba ndiyo itakayoamua kama mfumo wa ada uliomtengenezea mkuu wa shule ya Lindi unaweza kuuzwa tena kwa shule ya Masasi.

Kwenye mfumo wako, huduma kwa wateja ndiyo biashara yenyewe. Muuzaji wa dukani hubadilika, mpya hajui kitu, anaingiza katoni mahali pa pakiti na hesabu ya stoo inaharibika. Utafundisha upya mara kwa mara. Ukiwa mpole na unapokea simu, mwenye duka atakutetea kwa wenzake. Huduma ya namna hiyo kampuni ya Dar haiwezi kuitoa kwa urahisi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo nguvu kubwa kuliko zote aliyonayo mtengeneza programu anayeishi kusini.

Kwa wateja wa nje, mambo huenda kwa barua pepe, kwa Kiingereza safi na kwa subira. New York wako nyuma yetu saa saba au nane, hivyo maswali yao huja jioni na usiku. Anayependa kufanya kazi kimya kimya, bila simu kuita, ataipenda.

Mambo yanayoweza kuivuruga

Mei 2024 ilituonyesha mengi kwa wiki mbili. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Lindi na Dar eneo la Somanga, Kilwa. Tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na mtandao ukazorota nchi nzima. Siku kama hizo, programu inayouzwa nje na iliyo kwenye seva ya nje inaendelea kuuza, ingawa wewe mwenyewe huwezi kumjibu mteja. Duka la Newala linalotumia mfumo wako linasimama kabisa, kama uliutengeneza utegemee intaneti kwa kila mauzo. Mfumo wa huku uhifadhi kila kitu kwenye simu au kompyuta ya dukani kwanza, kisha upeleke nakala kwenye seva mtandao unaporudi. Kwa duka la kusini hilo lina thamani kuliko urembo wowote wa skrini.

Kizuizi kingine cha njia ya pili ni mifumo ya serikali. Vituo vya afya vya umma vina GoTHOMIS, na vyama vya ushirika vina MUVU ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Wazo la kuwatengenezea AMCOS mfumo humjia karibu kila kijana wa huku, na ni wazo la heshima, lakini kabla ya kulitolea jasho kaa na katibu wa AMCOS uone tayari anajaza nini na wapi. Maduka, shule binafsi, zahanati binafsi na wasafirishaji bado wana nafasi kubwa.

Ukishika taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wadaiwa wa duka, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu, pamoja na usajili kwa Tume yake. Kwenye oda za umma, kazi hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Hesabu tu kwamba malipo ya taasisi yanaweza kuchelewa, usile kianzio chote.

Dalili za mwanzo kwamba inakwenda

Watu wengi huacha mapema mno au huchelewa kuacha kwa sababu wanahesabu kitu kisicho sahihi. Idadi ya waliopakua programu, waliopenda tangazo lako au waliosema "mfumo mzuri sana huu, hongera" haikuambii chochote kuhusu kesho.

Kwenye kazi za oda, dalili nzuri ni mteja aliyeletwa na mteja. Mwenye nyumba ya wageni ya Shangani akimtuma ndugu yake mwenye duka la vipuri kwako bila wewe kuomba, unaanza kujengeka. Kama kila kazi umeipata kwa kutembea na kubembeleza, bado hujafika. Dalili nyingine ni bei: kazi ya nne ikilipa sawa na ya kwanza ilhali uwezo wako umeongezeka, unajipunja.

Kwenye mfumo wako, hesabu wanaoufungua kila siku ya biashara, kisha hesabu wanaolipa mara ya pili. Mteja wa kwanza anaweza kulipa kwa sababu wewe ni mtoto wa mtaani na anataka kukuinua. Anayelipa Novemba ya pili analipia kazi. Maduka matano yaliyoacha daftari la kaunta na kutegemea mfumo wako ni maendeleo makubwa kuliko maduka arobaini yaliyofunguliwa akaunti na hayajauza hata sabuni moja kupitia hapo. Ukienda dukani ukakuta daftari na mfumo vinatumika pamoja, uliza kwa adabu ni kitu gani daftari linafanya ambacho mfumo haufanyi. Mara nyingi ni madeni: daftari linajua kwamba huyu atalipa msimu na yule atalipa nusu Ijumaa, wakati mfumo unalazimisha tarehe na kiasi kamili. Rekebisha hilo kwanza.

Kwenye soko la nje, dalili ni malipo ya mtu usiyemjua, aliyekukuta kwa kutafuta suluhisho la shida yake. Mmoja ni habari njema. Wakifika kumi ndani ya miezi michache, waandikie kila mmoja umuulize alikuwa anahangaika na nini kabla hajanunua. Majibu yao ndiyo yatakayokuambia uongeze nini. Malalamiko ya mteja aliyelipa nayo ni dalili nzuri, maana anayelalamika anataka kuendelea kuitumia.

Kuzichanganya

Njia hizi si ndoa. Kampuni ya 37signals ya Chicago ilianza mwaka 1999 kwa kutengenezea watu tovuti, ikatengeneza Basecamp ya kusimamia miradi ya wateja wake yenyewe, na mwaka 2004 ikaanza kuiuza. Kwa huku, oda mbili au tatu za maduka ya aina moja zinaweza kuzaa mfumo wako, mradi mkataba uliacha umiliki mikononi mwako. Ninachokishauri sana ni kutoanza njia mbili siku moja. Oda ina mteja anayepiga simu, mfumo wako unaoanza bado hauna, na kila mara anayepiga simu ndiye atakayekula muda.

Kwa hali yako

Kama una familia inayokutegemea na huna akiba, anza na kazi za oda, zenye kianzio na mkataba. Tenga siku moja ya wiki isiyoguswa na oda, uitumie kutafuta mteja anayefuata.

Kama unaishi na wazazi au una kazi nyingine ya kukuingizia kipato, na unawafahamu wenye maduka kwa majina, mfumo wako mwenyewe unakufaa kuliko nyingine. Chagua aina moja ya biashara na wilaya moja. Anza kuzunguka Julai, toza kwa mwaka, kusanya msimu ukiwa umechanganya. Kama uko Kilwa au Ruangwa, pima kama ufuta unakupa mzunguko wa pili wa kukusanya.

Kama Kiingereza chako cha kuandika ni kizuri, hupendi kuzungukia watu, na kuna shida ya kitaalamu unayoielewa kwa undani, jaribu soko la nje huku ukiwa na kipato kingine. Malizana na suala la kupokea pesa kwanza.

Kama wewe ni mwanafunzi wa STEMMUCO, chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris hapa Mtwara, au VETA, huu ndio wakati wa kufanya oda ndogo ndogo kwa bei nafuu, lakini usifanye bure. Hata 50,000 inamfanya mteja atenge muda wa kukueleza anachotaka.

Kama umeshaanza na umekwama, chukua dalili za njia yako hapo juu uziangalie kwa msimu mmoja mzima, Oktoba hadi Januari. Msimu ukipita na hakuna aliyelipa tena wala aliyemleta mwenzake, nenda kwa wateja watatu waliokuacha, uwaulize wanatumia nini sasa hivi.